Tusiitoe Auti Bure: Hotuba kwa Wazazi wa Mabinti wa Softiboli

Hotuba hii niliitoa mbele ya wazazi wenzangu wanaozungumza Kiswahili hapa kaskazini mwa Texas, ambao mabinti zao wanacheza softiboli na wana ndoto ya kuicheza chuoni. Wengi walikuwa kazini siku ile, wakaomba waipate nzima. Hii hapa, bila picha nilizoonyesha ukutani.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za kutwa. Na nyinyi mabinti mliojificha safu ya nyuma na simu zenu, nawaona. Sogeeni mbele, maana mengi ya leo ni yenu.

Nimeombwa nizungumzie banti, yaani kuugusa mpira kwa fimbo ulale chini badala ya kuupiga kwa nguvu. Najua kwa nini. Kila mwisho wa wiki viwanjani kwetu kuna ugomvi uleule. Binti wa kwanza anafika besi ya kwanza, hakuna auti, yaani hakuna aliyetolewa bado. Anayefuata anamtazama kocha, kocha anagusa kofia, anagusa mkanda: piga banti. Binti anaulaza mpira mbele ya kisahani cha nyumbani, yeye anatolewa, mwenzake anasogea besi ya pili. Nusu ya jukwaa inapiga makofi. Nusu nyingine inashika kichwa. Wa upande huu wanasema hiyo ndiyo softiboli, kujitoa kwa ajili ya mwenzako. Wa upande ule wanasema kocha ametupa mpigaji wake mzuri bure. Nani mkweli?

Mimi nasema hivi, na nitalirudia mpaka mlichoke: auti ina bei. Ukiitoa, hakikisha umelipwa.

Akina mama mliocheza raundasi shule ya msingi kule Kenya, nyinyi mnauelewa mchezo huu kuliko mnavyodhani. Kupiga, kukimbia, kuzunguka vituo mpaka nyumbani, yote mnayajua. Kipya ni hesabu ya auti. Timu ina auti 3 kila iningi, yaani kila zamu yake ya kupiga, na softiboli ina iningi 7. Tatu mara saba, ishirini na moja. Besiboli ya wanaume ina iningi 9, kwa hiyo auti 27. Binti yako anaanza mchezo akiwa maskini wa auti kuliko kaka yake, na bado tunamfundisha kuzigawa kwa urahisi zaidi. Hamwoni kuna jambo la kuuliza hapo?

Tuwatendee haki wazee wa mchezo kwanza. Hawakuwa wajinga. Mchezo wa kudonoa, yaani banti, kuiba besi, kusogeza mkimbiaji hatua kwa hatua mpaka upatikane mkimbio mmoja, yaani pointi ya mchezaji kuzunguka hadi nyumbani, ulikuwa na sababu zake. Angalieni fainali za mwanzo za vyuo. Mwaka 1982, shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, lilipoandaa ubingwa wake wa kwanza wa softiboli ya wanawake, UCLA waliishinda Fresno State 2 kwa 0, tena katika iningi ya 8. Mwaka 1984 UCLA hao hao waliishinda Texas A&M 1 kwa 0. Katika iningi ya ngapi? Ya 13! Iningi kumi na tatu, mkimbio mmoja!

Kwa nini? Kwa sababu mrushaji alikuwa mfalme. Siku zile alirusha akiwa futi 40 kutoka kwa mpigaji. Mkono unazunguka, mpira unatokea nyongani, na kabla hujaamua uko kwenye glavu ya mdakaji. Kupata mipigo miwili mfululizo kulikuwa muujiza. Sasa kama mpigo wa pili hauji, auti yako ina thamani gani? Ndogo. Ukiitoa ili mwenzako asogee besi moja, umefanya biashara nzuri. Wale makocha walisoma dunia yao sawasawa.

Shida ni kwamba dunia ile imeondoka, na ishara ya kofia na mkanda imebaki.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 mrushaji wa chuo alirudishwa nyuma hadi futi 43. Fimbo za mbao na aluminiamu zikapisha fimbo za kisasa zinazorusha mpira mbali. Wasichana wakaanza kunyanyua vyuma, wakafundishwa kupiga mpira uende juu. Arizona chini ya kocha Mike Candrea wakauonyesha ulimwengu jambo jipya: mwaka 1995 Laura Espinoza wao alipiga homurani 37, yaani mipigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja, katika msimu mmoja. Thelathini na saba, mchezaji mmoja! Kisha wakaja Oklahoma wa kocha Patty Gasso. Mwaka 2021 timu yao ilipiga homurani 161, rekodi ya vyuo wakati huo, na ubingwa wakauchukua mwaka huo, na 2022, na 2023, na 2024. Minne mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na chuo chochote.

Katikati ya Oklahoma hiyo alikuwepo binti wa kisiwani, Jocelyn Alo kutoka Hawaii. Alimaliza chuo akiwa na homurani 122. Aliyeshikilia rekodi kabla yake, Lauren Chamberlain wa chuo hicho hicho, alikuwa na 95. Nawauliza, wazazi wenzangu: mkimbiaji yuko besi ya kwanza, Alo anaingia na fimbo, kuna kocha gani duniani angemwambia apige banti? Hayupo. Haya. Na anayepiga kabla ya Alo je? Hapo ndipo pagumu, na nitaparudia.

Sasa hesabu. Msiogope, ni fupi.

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani imeandika kila kilichotokea uwanjani kwa miongo mingi, kwa hiyo tunajua kila hali huzaa mikimbio mingapi kwa wastani. Mkimbiaji yupo besi ya kwanza na hakuna auti: timu hupata takriban mikimbio 0.9 mpaka iningi iishe. Mkimbiaji yupo besi ya pili na kuna auti moja, yaani banti imefanikiwa kabisa: takriban 0.7. Mmenisikia? Banti imefanikiwa, jukwaa limepiga makofi, na matarajio yenu yameshuka. Tena hiyo ni ile iliyofanikiwa. Kuna inayopaa ikadakwa, kuna inayokufa mikononi mwa mdakaji akamtoa mkimbiaji wa mbele, na kuna ile ya baada ya straiki mbili, yaani nafasi mbili za kupiga zilizopotea, ikaenda nje ya mstari, ambayo kwa sheria ni auti moja kwa moja.

Mtaniambia, hiyo ni besiboli. Kweli kabisa, na ningekuwa mzembe kama ningeihamisha namba ile na kuipachika kwenye softiboli. Uwanja wetu ni mwingine. Kutoka nyumbani hadi besi ya kwanza ni futi 60, wao ni 90. Mchezaji wa besi ya tatu akiteleza kidogo tu, akaushika mpira kwa vidole badala ya kiganja, binti yako ameshafika. Kwa hiyo banti ya softiboli huzaa besi za bure ambazo ya besiboli haizizai. Na mkimbiaji wetu haruhusiwi kuondoka kwenye besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, hivyo kumsogeza kwa njia nyingine ni kazi zaidi. Haya yote yanaipandisha banti thamani. Lakini swali halibadiliki: nimetoa nini, nimepata nini? Kocha asiyeweza kulijibu anafuata mazoea.

Sasa turudi kwa yule anayepiga kabla ya nyota. Hapa nataka tukae, kwa sababu makocha wengi, hata wazuri, hawapaoni.

Mkimbiaji yupo besi ya kwanza. Wa pili anapiga banti, mkimbiaji anahamia besi ya pili. Besi ya kwanza imekuwa tupu. Anayekuja ni mpigaji wako bora. Kocha wa upande wa pili anafanya nini? Anatabasamu. Anampa nyota wako besi ya kwanza bila jasho, kwa kumrushia mipira minne ya pembeni, anamngoja anayefuata. Wewe umetoa auti, na umemnyang'anya fimbo mpigaji wako bora kwa mkono wako mwenyewe! Umelipa mara mbili kwa bidhaa moja.

Mnakumbuka fainali ya mwaka 2025 kule Oklahoma City? Nani hapa hakuitazama? Vyuo viwili vya jimbo letu, Texas na Texas Tech. Mchezo wa kwanza, Tech wanaongoza 1 kwa 0, iningi ya 6. Texas wana wakimbiaji besi ya pili na ya tatu, besi ya kwanza tupu. Anaingia Reese Atwood, mdakaji wa Texas na mpigaji wa kuogopwa. Tech wanaamua kumpa besi ya bure. Mrushaji wao, NiJaree Canady, ambaye mkataba wake wa zaidi ya dola milioni moja ulitikisa mchezo huu mzima, anarusha pembeni makusudi. Mmoja, wa pili, wa tatu. Umebaki mmoja tu. Na huo wa nne haukwenda pembeni vya kutosha. Atwood akaufikia! Mpira ukaenda uwanja wa kushoto, wakimbiaji wawili wakaingia nyumbani, Texas wakashinda 2 kwa 1.

Wengi wameicheka ile kama ajali. Mimi naiona kama ushahidi. Timu yenye mmoja wa warushaji bora nchini iliona afadhali kumpa mpinzani besi kuliko kumwachia Atwood apige. Hiyo ndiyo hofu ambayo fimbo nzuri inaileta. Sasa mpinzani anaiogopa fimbo ya binti yako, halafu wewe mwenyewe unamwambia aiweke mlalo agusegushe? Kwa faida ya nani?

Na mchezo wa tatu wa fainali ile, ule wa kuamua bingwa, Texas walifungua kwa mikimbio 5 katika iningi ya kwanza. Iningi ya kwanza kabisa! Baadaye Mia Scott akapiga homurani besi zote zikiwa zimejaa, na wakamaliza 10 kwa 4, ubingwa wa kwanza wa softiboli katika historia ya chuo chao. Fikirieni kama kocha wao angeingia siku ile akiwa na wazo la kutafuta mkimbio mmoja mapema ili kutuliza mioyo. Iningi ya kwanza hujui bado utahitaji mikimbio mingapi. Ukiitoa auti wakati huo, umenunua kitu ambacho hujui kama utakihitaji. Ninaipinga kafara, yaani banti ya kutoa auti, katika iningi ya kwanza, na nitaipinga mbele ya kocha yeyote wa jimbo hili.

Mabinti, naona mnatabasamu. Mnadhani nimewaondolea mazoezi ya banti. Ngojeni kwanza.

Kuna banti ya kafara na kuna banti ya kutafuta besi. Kwa mbali zinafanana, kwa nia ni vitu viwili. Ya kwanza unaionyesha mapema, unageuka, kila mtu anajua, unaomba tu mpira ulale. Ya pili unaificha mpaka dakika ya mwisho na unakimbia kana kwamba nyumba inaungua. Ile ya kwanza nataka tuibanie. Ya pili nataka kila mmoja wenu aijue, mwembamba na mnene, mwenye mbio na asiye na mbio.

Na kuna slapu, pambo la softiboli ambalo besiboli haina. Mpigaji wa mkono wa kushoto anaanza kukimbia kuelekea besi ya kwanza kabla mpira haujafika, anaukutanisha na fimbo akiwa tayari mwendoni. Mkitaka kuona kilele chake, mtafuteni Natasha Watley. Shotistopu wa UCLA, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, bingwa wa vyuo mwaka 2003, medali ya dhahabu Athens mwaka 2004, mmoja wa Wamarekani weusi wa kwanza kuvaa jezi ya softiboli ya taifa hilo kwenye Olimpiki. Watley alikuwa anawaweka walinzi njia panda. Wakisogea mbele kuzuia banti, anaupiga mpira upite begani kwao. Wakirudi nyuma, anaulaza. Mpiga slapu mwenye mbio hufika besi ya kwanza chini ya sekunde 3. Mlinzi akilegea kidogo tu, basi.

Mnaona tofauti? Watley hakuwa anatoa auti. Alikuwa anatafuta besi. Mchezo wa kudonoa wa namna hiyo ni silaha, na utabaki silaha mwaka 2050. Hata binti asiyepiga banti mara kwa mara anafaidika akijulikana kwamba anaweza, maana wa besi ya tatu akisogea mbele hatua tatu, mpira mkali unampita kabla hajainama.

Basi nionyeshe mkono. Naomba fimbo. Asante. Tazameni, mabinti: mkono wa juu unapanda hadi karibu na tumbo la fimbo. Vidole vinakaa nyuma. Nyuma! Kidole gumba kiko juu na nyuma, hakizunguki mbele. Ukikizungusha hivi, mpira unakiponda dhidi ya fimbo, na mpira wa chuo unakuja kwa kasi kubwa. Karlyn Pickens wa Tennessee mwaka 2025 alipimwa maili 79.4 kwa saa. Kichwa cha fimbo kinakaa juu kuliko kishikio, kwenye mstari wa macho. Mpira wa chini, unakunja magoti, huishushi fimbo. Na husukumi. Unaupokea, fimbo inarudi nyuma kidogo mpira unapogusa, ili ufe palepale kwenye vumbi. Wengi mnasukuma, ndiyo maana unamfikia mrushaji mikononi.

Sasa kafara yenyewe, lini ninailipia? Nisije nikasemwa kwamba ninaichukia.

Dakika za mwisho, mkimbio mmoja ukiumaliza mchezo. Iningi ya 7, sare, sisi ndio wa mwisho kupiga, mkimbiaji wetu yupo besi ya pili na hakuna auti. Hapo banti, kama anayepiga si nyota. Mkimbiaji akiwa besi ya tatu na auti moja, mpira wa kupaa kidogo tu unamleta nyumbani. Hapo sitafuti wastani wa mikimbio, natafuta mmoja, na nafasi ya kuupata huo mmoja inapanda. Vivyo hivyo katika mashindano ya kimataifa, ambako kuanzia iningi ya 8 kila timu inaanza na mkimbiaji besi ya pili. Anayepiga wa mwisho anajua anahitaji ngapi. Anayepiga wa kwanza hajui, kwa hiyo asikimbilie kuridhika na mmoja.

Na tazama nani anarusha upande wako. Beijing, mwaka 2008, Japani walikuwa na Yukiko Ueno. Ndani ya siku mbili alirusha mipira 413 katika michezo mitatu: akapoteza nusu fainali mbele ya Marekani iningi 9, siku hiyo hiyo akaishinda Australia iningi 12, kesho yake akarudi na kuwashinda Marekani 3 kwa 1 na kuchukua dhahabu. Ukiwa na Ueno anarusha upande wako, mkimbio mmoja ni mali nyingi, uchukue popote unapoupata. Lakini je, sisi tuna Ueno? Timu yetu ya wasichana wa miaka 14, ambayo hufungwa mikimbio 6 au 7 kwa siku, kwa nini icheze kana kwamba mmoja utatosha?

Neno kuhusu vyuo, maana najua wengine mmekuja kwa hilo tu. Chini ya utaratibu wa michezo ya vyuo ulioanza mwaka 2025, vyuo vilivyojiunga nao vina nafasi 25 tu kwenye orodha ya softiboli. Kocha wa chuo akija kumtazama binti yako anataka kuona anapiga. Anataka pia kuona anaweza kulaza banti akiombwa. Lakini wazazi, kama binti yako ana miaka 12 na kila wikendi anaambiwa aguse tu kwa sababu ni mdogo na ana mbio, atajifunza lini kupiga? Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Kikombe cha plastiki cha mashindano ya Jumapili kinapatikana kwa kafara za watoto, kocha anapiga picha nacho, na binti anafika miaka 16 hajawahi kuuzungusha mwili wake wote kwenye mpira. Tumemnyima nini? Tumemnyima chuo.

Basi mwulizeni kocha. Kwa adabu, baada ya mchezo, si kwa kupiga kelele jukwaani. "Kocha, ile banti ya iningi ya pili, ulikuwa unatafuta nini?" Akikuambia mlinzi wa besi ya tatu alikuwa nyuma sana na binti yako ana mbio, mpe mkono, huyo anajua kazi. Akikuambia ndivyo tunavyocheza hapa, endelea kumwuliza wiki ijayo.

Kuanzia Jumamosi, kila binti wa kundi letu ataleta fimbo yake na glavu ya kupigia. Nusu ya kwanza ya mazoezi ni kupiga kwa nguvu zote, nusu ya pili ni banti za kutafuta besi, saa ikiwa mkononi mwangu. Wazazi mtakaokuwepo mtasimama besi ya tatu na ya kwanza kama walinzi, mje na viatu vya kukimbilia. Sasa mwenye swali na anyooshe mkono, tuanze na mama Neema pale pembeni, amengoja muda mrefu.